Habari za Maradhi ya Sukari na Sindano Yake



Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya maradhi ya sukari, ambayo wengine huyaita kisukari, na hasa juu ya sindano ya insulini wanayopewa baadhi ya wagonjwa. Katika vijiji vyetu vya Fumba, Bweleo na kwingineko katika Unguja liko neno lisemwalo mara nyingi: kwamba mgonjwa wa sukari akifikishwa kwenye sindano, basi safari yake imekwisha. Kwa ajili ya neno hilo wako watu waikimbiao sindano wangali na nguvu, na wako walioianza wakaiacha mara walipojiona wamepata nafuu. Neno hilo si kweli, na madhara yake ni makubwa. Tunalotaka kulieleza leo ni hili: sindano ya insulini haiachwi, wala haiendi peke yake. Haiachwi bila amri ya daktari, kwa kuwa kuiacha kwaweza kuua kwa siku chache. Haiendi peke yake, kwa kuwa chakula na kazi havina budi kufuatana nayo.

Kwanza yafaa tujue maradhi haya ni nini. Chakula tulacho, hasa wali, muhogo, mkate na vitu vitamu, hugeuka tumboni kuwa sukari, nayo sukari huingia katika damu ili ipelekwe kila mahali mwilini. Lakini sukari haiwezi kuingia yenyewe katika sehemu nyingi za mwili. Yahitaji kusaidiwa na insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Tuchukue mfano wa gati ya Malindi. Jahazi limefika limejaa mchele, na mjini watu wana njaa. Lakini mahamali hawapo. Mchele utarundikana gatini, na huku majumbani sufuria zi tupu. Ndivyo ilivyo kwa mgonjwa wa sukari: damu yake imejaa sukari, na mwili wake una njaa. Sukari iliyozidi humwagika katika mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Kwa hiyo mgonjwa hukojoa mara kwa mara, huona kiu isiyokwisha, na hukonda ijapokuwa anakula.

Maradhi haya yana aina mbili zilizo mashuhuri. Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili yenyewe huziharibu sehemu za kongosho zitengenezazo insulini, hata mahamali wakawa hawapo kabisa. Aghalabu aina hii huwapata watoto na vijana, wala haikuletwa na ulaji wao wala na kosa la wazazi. Katika aina ya pili mahamali wapo, lakini ni wavivu au hawatoshi. Hii huwapata zaidi watu wazima, hasa wenye unene mwingi, au wasiotumia viungo vyao kwa kazi, au wenye jamaa waliopata maradhi hayo. Mgonjwa wa aina ya kwanza hawezi kuishi bila insulini hata kidogo. Mgonjwa wa aina ya pili huanza kwa kurekebisha chakula na kumeza vidonge, lakini baada ya miaka mingi kongosho lake laweza kuchoka, naye akahitaji sindano. Kupewa sindano wakati huo si dalili ya kifo. Ni kuongezewa mahamali waliopungua.

Wazee wa zamani hawakuwa na dawa hii. Kabla ya mwaka 1922, mtoto aliyepatwa na aina ya kwanza alikufa, na madaktari waliweza tu kumnyima chakula ili aishi miezi michache zaidi. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto nchini Kanada, daktari Frederick Banting na mwanafunzi Charles Best, katika maabara ya Profesa John Macleod, walifaulu kuitoa insulini katika kongosho la mbwa. James Collip akawasaidia kuisafisha. Mwezi wa Januari 1922 kijana wa miaka 14, jina lake Leonard Thompson, alichomwa dawa hiyo akiwa mahututi. Sindano ya kwanza haikufaa sana, kwa kuwa dawa ilikuwa haijasafishwa vema. Lakini siku chache baadaye alichomwa dawa iliyosafishwa, na sukari yake ikashuka. Aliishi miaka mingine 13. Wagunduzi hao waliiuza haki ya dawa hiyo kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja, kwa kuwa hawakutaka mtu mmoja aifungie ghalani mwake. Siku ya kuzaliwa Banting, tarehe 14 Novemba, ndiyo Siku ya Kisukari Duniani.

Wako waulizao: kwa nini dawa hii isimezwe? Sababu ni kwamba insulini ni utomwili, wa jinsi moja na ule ulio katika samaki na mayai. Tumbo likiipata litaisaga kama lisagavyo samaki, wala haitafika katika damu ikiwa nzima. Kwa hiyo hupitishwa chini ya ngozi, penye mafuta, kwa sindano fupi na nyembamba sana. Mahali pake ni tumboni, mbali kidogo na kitovu, au pajani kwa mbele na upande wa nje, au matakoni, au nyuma ya mkono juu ya kiwiko. Haifai kuchoma mahali pale pale kila siku, kwa sababu pataota uvimbe, na dawa ikichomwa katika uvimbe hunywewa na mwili vibaya. Basi leo kulia, kesho kushoto, na kila mara usogee upana wa vidole viwili.

Insulini hupimwa kwa yuniti. Chupa nyingi zina yuniti 100 katika kila mililita moja, na bomba lake limeandikwa yuniti hizo hizo. Haifai kabisa kutumia bomba la dawa nyingine, kwani kosa dogo la kipimo laweza kumwangusha mtu. Zipo insulini zilizo safi kama maji, na zipo zilizo na weupe kama tui jepesi. Iliyo nyeupe huviringishwa taratibu baina ya viganja mpaka ichanganyike sawasawa, wala haitikiswi kwa nguvu. Iliyo safi ikionekana imeingia ukungu, au iliyo nyeupe ikifanya mabonge, isitumike. Sindano haiazimwi, hata baina ya mume na mke, kwa ajili ya maradhi ya damu. Ikiisha kutumika itiwe katika chupa ngumu yenye kifuniko, irudishwe hospitalini. Isitupwe jaani wala pwani ambako watoto hupita miguu mitupu.

Wanafunzi watatusaidia hesabu. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Mgonjwa atumiaye yuniti 40 kwa siku ataimaliza kwa siku 25. Basi asingoje siku ya 25 ndipo apande daladala kwenda mjini, bali siku ya 18 awe amekwisha kuitafuta chupa nyingine. Na yule atumiaye yuniti 20 kwa siku, chupa yake yatosha siku 50. Walakini chupa nyingi zikiisha kufunguliwa hutakiwa kutumika kwa wiki nne tu. Kilichobaki baada ya hapo hutupwa, ijapokuwa inauma, kwa sababu nguvu zake haziaminiki tena.

Hapa twafikia jambo liwasumbualo wengi wa shamba: dawa hii huchukia joto. Chupa isiyofunguliwa hutakiwa kukaa penye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, yaani ndani ya friji, wala isiguse barafu. Watu wasio na friji husema, "Basi sindano hii si yetu, ni ya watu wa mjini." Na hata mwenye friji hana dhamana ya siku zote. Sisi wa upande huu twalijua hilo vizuri, kwa maana waya wa umeme uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanzania Bara hupanda nchi kavu hapa hapa Ras Fumba. Tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010 umeme huo ulikatika, na Unguja nzima ikakaa kwa muda wa miezi mitatu hivi bila umeme wake wa kawaida. Waya mwingine mkubwa zaidi ulilazwa ukaanza kazi mwaka 2013, na hali imekuwa njema kuliko ilivyokuwa. Lakini mwenye busara haweki uhai wake juu ya waya mmoja.

Je, njia ipo? Ipo, tena imejaribiwa katika nchi jirani. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, huko Dadaab kaskazini mashariki ya Kenya, joto la nyumbani lilikuwa likipanda na kushuka baina ya nyuzi 25 na 37. Hapo kwanza wagonjwa wasio na friji walilazimika kwenda hospitalini kila siku kuchomwa. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva waliijaribu insulini katika joto la jinsi hiyo kwa wiki nne, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba haikupoteza nguvu zake zikilinganishwa na ile iliyokaa katika friji. Tangu hapo imekuwa wazi kwamba mtu aliyefundishwa vema aweza kuichukua dawa yake akaitumia nyumbani.

Basi mtu wa kijijini afanye hivi. Chupa zisizofunguliwa azihifadhi katika friji ya kituo cha afya, au ya jirani mwaminifu. Ile moja anayoitumia aitie katika chupa pana yenye kifuniko kisichopitisha maji, aiweke ndani ya mtungi wa udongo. Kila mtu ajua kwamba maji ya mtungi huwa ya baridi kuliko maji ya ndoo, kwa sababu udongo hutoa jasho, nalo jasho likikauka huchukua joto. Mtungi mdogo ukitiwa ndani ya mkubwa, na baina yake ukajazwa mchanga wa maji maji, kisha ukafunikwa kitambaa kibichi na kuwekwa kivulini penye upepo, ni bora zaidi. Hapa kwetu hewa ina unyevu mwingi, hivyo baridi yake si kubwa kama katika nchi kavu. Lakini yasaidia kuikinga dawa na joto la Februari, ambalo mchana hupita nyuzi 30. Wavuvi twawaonya jambo moja: msiitie chupa katika barafu ya samaki. Insulini iliyoganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima.

Sasa tuseme juu ya chakula. Mtu akichoma sindano kisha akala kama apendavyo, ni kama aongezaye mahamali watano na huku analeta majahazi kumi. Hatusemi mgonjwa aache wali, la, tunasema aupime. Njia nyepesi ni kuigawa sahani: nusu iwe mboga, kama mchicha, kisamvu, bamia au biringani, robo iwe samaki, pweza, chaza, maharage au choroko, na robo iliyobaki iwe wali, au muhogo, au ndizi, au ugali. Desturi yetu ya kula pamoja katika sinia moja ni njema, kwani hujenga mapenzi. Lakini katika sinia mtu hajui amekula kiasi gani. Basi mgonjwa atiliwe sahani yake, akae pale pale na wenziwe, wala asitengwe. Vilivyo vya hatari kuliko vyote ni vitamu vinywewavyo: soda, maji ya miwa, na chai iliyotiwa sukari vijiko vinne. Wako wasemao kwamba asali au sukari guru haidhuru. Hasha, ikifika katika damu yote ni sukari. Halua, vitumbua na maandazi viwe vya nadra. Na ingefaa nyumba nzima ifuate chakula hiki, kwa sababu ni kizuri kwa wazima pia, naye mgonjwa hataona kwamba amefungwa peke yake.

Kazi ya mwili ni dawa kubwa, kwa kuwa mtu akitembea au kulima, nyama za mwili hula sukari kwa wepesi zaidi. Lakini mwenye kuchoma insulini akifanya kazi nzito bila kula, sukari yake yaweza kushuka kupita kiasi, chini ya 4 katika mashine ya kupimia. Dalili zake huja upesi: jasho jingi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali, kizunguzungu, maneno kukorogeka, au hasira isiyo na sababu. Watu wasiojua hudhani amelewa, au amepandwa na shetani, wakaenda kumwita mganga wa kumpunga. Na huku dakika zinapita na ubongo wake unakosa chakula. Dawa yake ni sukari ile ile: vijiko vitatu vya chai katika maji kidogo, anywe mara moja, kisha angoje dakika 15, apimwe tena, kama bado iko chini apewe tena, halafu ale chakula. Akiwa amezimia asitiwe kitu chochote kinywani, maana kitampalia. Alazwe ubavu na apelekwe hospitalini upesi.

Fikirini mvuvi aliye peke yake katika ngalawa, au mama achokoaye chaza mwambani wakati wa bamvua, amechoma sindano alfajiri na hakula kitu. Akizimia pale, maji ndiyo yatakayommaliza, na watu watasema amekufa maji. Kwa hiyo kila mwenye kutumia insulini asitoke kwenda baharini ila amekula, na awe na sukari iliyofungwa vema isiingie maji, na mwenziwe mmoja ajue habari zake na la kufanya. Siku za kazi nzito amwulize daktari kama kipimo kipunguzwe. Tena avae viatu mwambani. Sukari iliyokaa juu miaka mingi huua hisia za miguu, mtu akachomwa asijue, na kidonda kidogo kikamletea kukatwa mguu. Kila usiku aitazame miguu yake, na nyayo azitazame kwa kioo au azitazamiwe na mtoto.

Mwezi wa Ramadhani wagonjwa wengi hutaka kufunga, na twaiheshimu nia yao. Lakini dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa, na kwa wengi wenye kutumia insulini, hasa wa aina ya kwanza, kufunga ni hatari. Atakaye kufunga na amwone daktari mwezi mmoja au miwili kabla, ili vipimo na saa za sindano vibadilishwe. Asiyakose madaku. Wanazuoni wengi wamesema kwamba kuchoma kidole kwa kupima sukari hakuharibu saumu, basi apime mchana. Ikiwa chini ya 4, au juu ya 16, afungue wakati ule ule, asingoje magharibi. Na katika futari asijilipize njaa ya mchana kwa tambi za sukari na tende nyingi.

Twarudi katika neno letu la kwanza: sindano haiachwi. Mtu akiugua homa, au akitapika, husema, "Sili kitu, basi sichomi." Hilo ni kosa kubwa. Maradhi hupandisha sukari hata kwa asiyekula, na mwili usiopata insulini huanza kuunguza mafuta yake na kutoa sumu ya asidi. Dalili zake ni kutapika, maumivu ya tumbo, kuhema kwa nguvu, na pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva mno. Mtu huyo apelekwe hospitalini saa ile ile. Vivyo hivyo kwa mwenye kuambiwa kwamba mizizi au majani fulani yataponya, aache sindano. Hakuna mti uliothibitishwa kuchukua mahali pa insulini. Siku hizi ziko pia sindano nyingine zisizo insulini, kama semaglutaidi, ambazo hupunguza njaa na kuisaidia kongosho iliyo hai bado. Hizo ni za baadhi ya wagonjwa wa aina ya pili, kwa shauri la daktari. Wala haziwezi kumponya mtoto wa aina ya kwanza.

Mwisho, twasema na wazazi na walimu wenzetu. Mtoto anywaye maji bila kukoma, aombaye ruhusa ya kwenda chooni kila saa, akondaye, au aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani kisha akaanza tena, asigombezwe wala asidhaniwe ana malaria tu. Apimwe sukari siku ile ile katika kituo cha afya. Na ikionekana iko juu apelekwe hospitali ya Mnazi Mmoja, iliyo na kliniki ya maradhi haya, umbali wa kilomita 20 hivi kutoka Fumba. Na mtoto aliyekwisha kuanza sindano, shuleni aruhusiwe kula kwa saa yake, na mwalimu awe na sukari kidogo mezani pake. Mtoto huyo aweza kusoma, kucheza mpira, kuoa au kuolewa, na kuzeeka kama wenziwe, maadamu chupa yake haikosekani mtungini.